Ubeti wa Pili

Kazi yangu ni kubana.
Chumba cha nyuma, Kirumba, trei za mayai ukutani,
kompyuta moja, feni moja, spika mbili za mkopo.
Wimbo unaingia na vilima vyake,
unatoka tofali.
Wateja wanapenda tofali:
linapenya bajaji, linapenya baa ya jirani.
Mnong'ono na yowe nimevivisha sare,
nimevikata kwa rula moja
kama minofu ya sangara kiwandani,
na kilichopinda, chenye miiba,
kinatupwa. Mapanki.
(Mapanki ndiyo yaliyonikuza. Najua utamu wa kichwa.)

Alhamisi alikuja Milembe, nesi wa Bugando,
na kaseti ndani ya soksi.
"Ni mama. Aliimba jikoni, Kayenze, mwaka wa themanini na moja.
Mjomba alikuwa anajaribu redio yake mpya.
Jumamosi ni arobaini.
Nifanyie isikike mpaka kwa waliokaa nje ya turubai."

Nikaisikiliza mara moja, kama mtu anayehesabu chenji.
Kwenye kioo, ubeti wa kwanza: mlima.
Ubeti wa pili: nyasi.
Nikasema hapa pana kasoro,
mjomba aliisogeza redio.
Nikabana. Nikanyanyua. Nikabana tena.
Nyasi zikawa ukuta.

Ndipo vikaingia vyote, bila hodi:
mwiko ukagonga sufuria kama askari mlangoni,
jogoo wa jirani akasimama mbele ya mama,
ziwa, lililokuwa kule nyuma ya migomba,
likahamia jikoni,
na mkwaruzo wa utepe ukaenda bega kwa bega
na jina la mtoto.

Milembe alikunja uso.
"Mbona anafoka?"
Nani?
"Mama. Hapa hakufoka. Hapa alishusha."
Akanyamaza kidogo.
"Nilikuwa nimelala mgongoni."

Hapa kwetu jiwe hukaa juu ya jiwe
na katikati mwanga hupita.
Sijaona mtu aliyeziba pale kwa saruji
akasema amepapamba.
Nilifuta yote niliyofanya,
nikazima feni, nikachomoa friji la soda,
mlango tukaufunga.

Ubeti wa kwanza ulikuja kwa ukubwa wake,
wa mwanamke anayetwanga.
Kisha akavuta pumzi
na sauti ikashuka, ikashuka,
ngazi ambazo sikujua zipo,
hata tukajikuta tumeinamia spika,
vichwa vikikaribia kugongana,
kama watu wanaochungulia kisima.
Chini kabisa, maneno manne ya Kisukuma.
Nyuma yake, mbali, palipo pake, ziwa.

Halafu kibwagizo kikarudi na mchi na kila kitu,
nikaruka, kikombe kikaanguka,
na ndani ya kaseti mtoto akaangua kilio.
"Ndiye mimi huyo," Milembe akasema,
akicheka, akifuta pua kwa soksi.

Nimesimuliwa ya Jumamosi.
Mshereheshaji alipaza: ongezeni sauti huko, hatusikii!
Milembe akaenda nyuma ya nyumba
akazima jenereta.
Akarudi na redio ya betri,
akaiweka juu ya kigoda, katikati ya uwanja.
Wakanung'unika.
Wakavuta viti.

Jumatatu nilibana nyimbo tatu. Kodi haiimbiwi.
Katika ya nne kuna mahali
kijana anameza mate
kabla ya kutaja jina la mtu.
Bado sijapagusa.